Mkwaruzo kwenye motokari ya lokasio: niite asiransi ao nilipe mwenyewe?

Siku ya Mungu usiku, saa nne na kitu, tunatoka Likasi kwenye ndoa ya mdogo wa bibi yangu, watoto wamelala nyuma, macho yananiuma juu ya taa za malori, kilometa 120 za kupishana na malori ya shaba usiku siyo mchezo, tumefika Lubumbashi salama, tumefika Bel-Air salama, tumefika mpaka mbele ya lupango yetu, na pale pale, nikiwa naingiza motokari kinyumenyume, nikasikia ile sauti. Krrrr. Haikuwa kubwa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kushika usukani anaijua, inaingia tumboni mbele ya kuingia masikioni.

Nguzo ya mlango wa lupango iko na kichuma kimetokeza, kile cha kupitishia komeo. Toyota Ist yetu inapita pale kila siku bila shida. RAV4 niliyokuwa nayo usiku ule ni pana zaidi, na mimi nilikata kona kama niko na Ist.

Na ile RAV4 haikuwa yangu. Ilikuwa ya lokasio, ya kukodi. Niliichukua siku ya tano kwa ajansi moja hapa mjini juu wazee wa upande wa bibi wangepanda wapi, na zawadi tungezibeba na nini, kwa hiyo dola 80 kwa siku bila shofa, siku tatu, na kosyo ya dola 300, ile feza ajansi inashika mpaka urudishe motokari, niliyohesabu mkononi na kupewa resi. Kuirudisha ilikuwa kesho yake, siku ya kwanza, saa nne ya asubuhi.

Nikashuka na tochi ya simu. Pembe ya parishoki ya nyuma, upande wa kuume, mstari umelala kutoka karibu na gurudumu mpaka chini ya taa. Nilienda kuchukua rula ya shule ya mtoto nikapima, sentimita 22. Nikapitisha ukucha juu yake polepole. Hii mtu alinifundisha zamani na inasaidia sana: ukucha ukiteleza bila kukwama, basi ni verni ya juu tu ndiyo imeumia, unaweza kupolisha na mambo yakaisha, lakini ukucha ukikwama, rangi imekatika. Wangu ulikwama sehemu mbili.

Sasa ndani ya nyumba kila mtu akawa na lake. Shemeki wangu ambaye tulirudi naye aliangalia akasema, "Yaya, hii haiko kintu, pitisha pate ya meno na kitambaa, kesho uirudishe asubuhi mapema mbele ya jua kuwa kali, hakuna mwenye ataona." Bibi yangu yeye alikuwa upande mwingine kabisa, "Papa ya batoto, si tulilipa asiransi? Kwenye kontra wameandika omniamu. Basi asiransi ifanye kazi yake, juu ya nini tutoe feza yetu mara mbili?" Na mimi nilikaa kwenye kiti na ile kontra mkononi, saa tano ya usiku, nikaanza kuisoma kwa mara ya kwanza. Siku ya tano nilikuwa nimesaini tu.

La shemeki nililikataa haraka, na sababu yake si ngumu. Siku ya kuchukua motokari, kijana wa ajansi alizunguka na mimi, tukapiga picha, akaandika kwenye fomu kila alama iliyokuwepo, tukasaini wote wawili. Halafu akaniambia hivi, bila kulalamika, kama mtu anayesema habari za mvua: "Papa, angalia muzuri na mi niangalie muzuri, juu kama kitu kinatoka na hatujaandika, banakata ku mshahara wangu." Sasa niirudishe na pate ya meno juu ya kidonda, yeye asaini kwamba iko sawa, halafu kesho kutwa patron wake aone? Yule kijana ni umri wa mdogo wangu wa mwisho. Sikuweza. Tena kando ya huruma kuna mambo ya sheria pia, ukificha na wakagundua, umetoka kwenye ajali umeingia kwenye udanganyifu, na hapo hata ile omniamu haikulindi tena.

La bibi yangu lilinipa kazi zaidi, juu alikuwa na haki. Tumelipa, kwa nini tusitumie?

Niseme kidogo tulivyofika hapa, juu naona watu wengi hapa kwetu tunachanganya. Kwa Kongo asiransi ya motokari ya kulinda watu wengine, ile wanaita ersé, ni lazima kwa sheria tangu 1973. Na kwa miaka mingi kampuni ilikuwa moja tu nchi nzima, SONAS, iliyoundwa 1966. Mpaka ilipokuja sheria ya tarehe 17 Machi 2015 iliyofungua soko, ikawekwa ARCA, shirika la serikali la kusimamia makampuni ya asiransi, na 2019 makampuni ya kwanza ya binafsi yakapewa ruhusa. Kwetu nyumbani, wakati nakua, neno asiransi lilikuwa na maana ya kile kikaratasi kwenye kioo cha mbele ambacho unaonyesha polisi ya rulaje wakikusimamisha. Mtu hakufikiri zaidi ya hapo. Leo kuna makampuni, kuna ersé, kuna omniamu, kuna ya vioo, ya moto, ya wizi, na tunasaini kama bado ni kile kikaratasi.

Ersé inalipa madhara uliyofanyia WENGINE. Ukigonga Vitz ya mtu, ukaangusha ukuta wa jirani, ukamuumiza mtu wa pikipiki, ile ndiyo kazi yake. Motokari unayoendesha mwenyewe haimo. Kwa hiyo mimi na nguzo yangu, ersé haina la kusema, hakuna mwingine aliyeumia, nguzo ni yangu na kichuma ni changu. Inabaki omniamu, ambayo kweli inalinda ile motokari yenyewe hata kama kosa ni la mwenye kuendesha. Lakini omniamu inakuja na franshizi.

Franshizi ni ile sehemu ya hasara inayobaki juu yako kila mara, mbele ya kampuni kuweka hata franka moja. Kwenye kontra yangu ilikuwa dola 300. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kosyo ilikuwa dola 300 sawasawa, siyo 200, siyo 400. Ajansi imeshika mkononi mwake franshizi yangu tangu siku niliyochukua motokari! Matengenezo yakiwa chini ya 300, asiransi inalipa sifuri na umejaza makaratasi bure. Bibi yangu nilipomwonyesha alinyamaza, akasoma mwenyewe ule mstari mara mbili, akasema bon, sasa tengenezo litakuwa bei gani?

Ndiyo swali. Na usiku ule hatukuwa na jibu, tukalala.

Asubuhi saa mbili nikapigia ajansi mbele ya kufanya kitu kingine chochote. Kontra inasema uharibifu wowote utangazwe ndani ya masaa 24, na inasema pia ni marufuku kutengenezesha motokari bila ruhusa yao. Hii ya pili watu hawaijui, wanakimbilia kwa tolie wao wa kartie, fundi wa bodi, wakifikiri wanafanya vizuri, halafu ajansi inakataa ile kazi, inatengeneza tena kwa garaji yake na kukuletea fakitire. Unalipa mara mbili. Nikamwambia yule kijana ukweli wote, saa, mahali, namna, nikamtumia picha kwenye WhatsApp, moja kwa mbali inayoonyesha pleti, moja karibu na rula imewekwa kando ya mstari. Akashukuru. Akaenda kwa patron, akarudi na jibu: parishoki mpya na pentire, dola 450.

Bon, hapo ilianza kuuma. 450 ni juu ya 300. Hesabu ya bibi yangu ikafufuka: franshizi 300 juu yetu, asiransi inaweka 150, afadhali hiyo kuliko 450 yote. Karibu niseme sawa, fungueni dosiye. Lakini nilikuwa bado nasoma ile kontra, na ukurasa wa tatu, maandishi madogo kama ya dawa, kulikuwa na mstari ambao ulibadilisha kila kitu: kila siku ambayo motokari inalala bila kufanya kazi juu ya uharibifu wa mpangaji, mpangaji analipa bei ya siku. Dola 80. Kila siku.

Ukifungua dosiye ya asiransi, motokari haiguswi mpaka ekspeti wao aje kuiangalia. Lazima aone kidonda kibichi, aandike, ndipo garaji ianze. Nikamuuliza kijana, kwa kawaida ekspeti anachukua siku ngapi? Akasema wiki, mara zingine zaidi. Wiki moja kwa 80 ni 560. Weka franshizi 300. Dola 860 kutoka mfukoni mwangu, ili asiransi ilipe 150! Nilirudia ile hesabu mara tatu kwenye karatasi ya nyuma ya daftari la mtoto juu sikuamini. Na asiransi yenyewe haijakosa kitu hapo, inafanya kama ilivyoandikwa. Ni siku za kungoja ndizo zinakula, na siku za kungoja asiransi hailipi.

Kwa hiyo nikaomba kitu kimoja: niruhusiwe kuipeleka kwa tolie ninayemwamini, nilete devi, ile karatasi ya bei ya kazi, kwa maandishi, na ajansi iangalie kazi mbele ya kukubali. Patron akasema lete devi kwanza. Haki yake.

Huyu papa tolie yuko Kamalondo, alitengeneza motokari ya marehemu baba yangu. Uwanja wake ni chini ya mti, jakaranda imemwaga maua juu ya kapo za watu kama ilivyo Lubumbashi yote mwezi wa kumi, na vumbi jekundu kila mahali, lakini sehemu ya pentire ameifunga na turubai na anamwaga maji chini mbele ya kupiga rangi ili vumbi lisipande. Alichuchumaa mbele ya ile parishoki bila kusema neno. Kitu cha kwanza, akachukua kitambaa na petroli kidogo, akafuta. Na nusu ya mkwaruzo ikaondoka mbele ya macho yangu! Ilikuwa rangi ya kijani ya nguzo yangu iliyobaki pale, siyo kidonda. Ule wa kweli ulibaki kama sentimita 12, na zile sehemu mbili ambapo ukucha ulikwama. Halafu akasukuma pembe na kidole gumba, ikaingia kidogo na kurudi yenyewe, akasikiliza, akaingiza mkono chini akapapasa vishikizo kimoja kimoja. "Papa, hii haijapasuka na haijachomoka. Mpya ya nini?"

Akanifundisha na mambo mengine. Parishoki ni plastiki, ukiweka mastiki ya bati kama mafundi wengi wanavyofanya, plastiki inatingishika na mastiki inapasuka ndani ya miezi michache, lazima ile laini ya plastiki. Halafu rangi. Mimi nilifikiri nyeupe ni nyeupe. Akafungua mlango wa shofa, akanionyesha kile kipande kidogo cha bati chenye namba, akasoma namba ya rangi, ile wanaita kodi: 070. Ingekuwa 040, akasema, ile nyeupe ya kawaida ya Toyota, ni dola 100 na tunamaliza haraka. Lakini 070 ni nyeupe ya lulu, inapigwa kwa tabaka tatu, nyeupe ya chini, lulu ya katikati, halafu verni, na ukiipiga kama nyeupe ya kawaida, kivulini inafanana, kwenye jua kila mtu anaona kiraka. Akachomoa kifuniko cha tangi ya esansi akakiweka kando ya parishoki ili achanganye rangi kufuata ile, juu kodi ni ya motokari mpya, na hii imekaa miaka kwenye jua la Katanga. Devi: dola 170, kazi ya siku moja na nusu ukihesabu kukauka.

Nikapiga picha ya devi, nikatuma. Nikamtuma na tolie aongee na patron kwenye simu, wakaongea mambo ya kodi na mastiki kwa dakika kumi na nikaona kwa sauti kwamba patron ameelewa anaongea na mtu wa kazi. Akakubali. Kwa siku za kulala, nikaomba kwa heshima, nikasema nimetangaza mwenyewe asubuhi ile ile, sikuficha, na leo ni siku ya kwanza, mteja mwingine mmempangia siku gani? Akasema ya tatu. Basi tukakubaliana nilipe siku moja tu, 80.

170 na 80 ni 250. Kando ya 860, na kando ya 450.

Sasa, nisieleweke vibaya, juu rafiki mmoja nilipomhadithia alirukia kusema kumbe asiransi haina faida. Hapana! Mimi nalipa omniamu na nitaendelea kulipa kila nikichukua motokari ya lokasio, juu ile usiku ningeweza kukutana na lori bila taa kwenye njia ya Likasi, na RAV4 ya watu ikabaki mabati, hapo franshizi ya 300 ingekuwa zawadi kutoka mbinguni. Na kuna mambo ambayo hesabu za namna hii hazina nafasi kabisa. Kama kuna mtu ameguswa. Hata kidogo. Hata kama anasimama, anajipangusa vumbi, anasema "mi niko bien, nipe tu ya dawa." Baba yangu mdogo aligusa kijana wa pikipiki, mguu umechubuka tu, wakamalizana njiani kwa dola 50, wakashikana mikono. Wiki tatu baadaye familia ikaja na fakitire ya hospitali na picha ya mfupa uliopasuka. Hakukuwa na PV, ile ripoti ya polisi, hakukuwa na tangazo kwa asiransi, siku za kutangaza zilikuwa zimepita, kampuni ikasema haijui ajali hiyo. Alilipa yote peke yake, aliuza kiwanja. Nilikuwa kijana, nakumbuka mama mdogo akikusanya zile karatasi za kiwanja kwenye meza. Kwa hiyo mtu akiguswa, ita polisi, fanya konsta, ile karatasi ya kueleza ajali ilivyokuwa, tangaza kwa asiransi na kwa ajansi siku ile ile, na usiandike popote kwamba kosa ni lako wala usiahidi feza, juu kampuni inaweza kukataa kufuata ahadi uliyotoa bila wao. Hivyo hivyo kama ni motokari ya mwingine imeharibika, hata kama ni tundu dogo, juu hujui yeye na tolie wake wataandika nini kesho.

Na kama uharibifu ni kwenye vitu usivyoweza kuviona, kama umegonga chini, umepiga shimo na usukani umeanza kuvuta, usicheze na devi za chini ya mti. Mimi nilikuwa na bahati kwamba yote yalikuwa juu ya ngozi na mtu mwenye mikono alithibitisha.

Swali la bibi yangu nimeendelea kulifikiri hata hivyo. Tumelipa, kwa nini tusitumie. Naona tunaiona asiransi kama likelemba, kila mtu anaweka na kila mtu lazima zamu yake ifike, la sivyo ameibiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa na moyo huo usiku ule, karibu nilipe 860 ili tu nisijisikie nimeibiwa 150.

Siku ya pili mchana motokari ilikuwa tayari. Nilimwomba tolie aitoe kwenye turubai mpaka juani, tukaiangalia kwa pande zote, nikapitisha ukucha tena, ukateleza. Tukaenda ajansi. Yule kijana alitoka na ile fomu ya siku ya tano na simu yake, akachuchumaa mbele ya parishoki kama tolie wangu alivyofanya jana yake, akalinganisha picha na parishoki, akapapasa na kiganja, akaita patron, patron akaangalia akatikisa kichwa kukubali. Ndani, nikawaomba waandike karatasi: uharibifu wa tarehe fulani umetengenezwa, kazi imekubaliwa, hakuna deni tena kati yetu. Kijana akaandika kwa mkono, patron akapiga muhuri. Wakatoa 80 kwenye kosyo, wakanihesabia 220 juu ya meza, nikasaini.

Kijana akanisindikiza mpaka mlangoni. "Aksanti papa," akasema, "kupiga simu asubuhi." Ile karatasi yenye muhuri iko kwenye droo, pamoja na resi ya tolie na zile picha, na kile kichuma cha kwenye nguzo mtu wa kuchomea alikuja kukikata siku ya posho.